Mwalimu Nyamaza na Koo la Chiriku

Mwalimu wa kuimba anayeitwa Nyamaza! Watoto ndio waliombandika jina hilo, na mwenyewe analipenda kuliko lile la kuzaliwa. Kila likizo ya kiangazi, joto likipamba moto na vumbi likitimka, kwaya ya vijana arobaini hukusanyika kwenye ukumbi wa shule. Mama huyu mstaafu hupita mstari kwa mstari akikagua chupa za maji. Mwenye chupa iliyojaa pomoni hasifiwi, anaambiwa anywe kwanza. Mbele ya feni haimbi mtu, na kwenye mpira wanashangilia kwa makofi, si kwa mayowe.

Usidhani ni ukali wa bure. Akiwa na miaka kumi na sita aliimba siku tatu na koo lililovimba, kwa kuwa wakubwa walimwomba. Sauti yake ya juu ikaenda moja kwa moja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa, mwaka huu, zikiwa zimebaki siku nne kufika onyesho, Chiriku alikwenda kwenye mpira akasahau makofi. Alipiga mayowe tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, akarudi sauti inakwaruza. Na Chiriku ndiye aimbaye peke yake mbele ya kwaya, ndiye ambaye mgeni wa chuo cha muziki alikuwa anakuja kumsikiliza. Nafasi ya kusomeshwa bure ilikuwa moja tu.

"Usitoe sauti mpaka nikuruhusu," Mwalimu akamwagiza.

Binti akatii, kwa namna yake. Siku mbili nzima alinong'ona: kwa rafiki zake, kwa mama yake, kwa paka. Siku ya tatu Mwalimu akamfuma nyuma ya kinanda, midomo inamcheza.

"Lakini mwalimu, sijatoa sauti! Nanong'ona tu."

"Ee Mungu wangu! Ukinong'ona hivyo unalikaza koo, mwanangu. Hujalipumzisha hata kidogo." Akamkabidhi daftari na kalamu.

Jioni mama yake Chiriku akaja juu, mikono kiunoni. "Mwalimu, bahati haibishi hodi mara mbili. Mpe asali, aimbe."

"Asali tamu, dada yangu, ila haiponyi koo kwa siku moja."

"Wimbo mmoja tu!"

"Hata mimi niliambiwa hivyohivyo," Mwalimu akajibu kwa ile sauti yake nzito. Mama aliondoka kanuna, lakini aliondoka.

Siku ya onyesho, sehemu ya Chiriku iliimbwa na wasichana wote kwa pamoja. Ilipendeza, ila mgeni hakuridhika. Akauliza aliko yule aliyesifiwa, akamwita mbele.

"Ubeti mmoja tu, binti. Nikusikie."

Mwalimu akainuka kwenda kukataa. Kabla hajapiga hatua akamwona Chiriku anavuta pumzi, kifua kinapanda. Kisha binti akaishusha pumzi ile taratibu. Akamwomba mgeni kalamu kwa ishara, akaandika kwenye karatasi yake. Mgeni akaisoma kwa sauti: "Koo langu linauma. Sitaimba leo. Nikipona, nitakuimbia mpaka unikimbie."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mgeni alicheka, lakini kazi ni kazi: nafasi akampa kijana wa kwaya nyingine iliyoimba siku ile. Chiriku akarudi kitini machozi yakimtiririka, na mama yake akamfuta kwa ncha ya kitambaa bila kumlaumu.

Mwalimu akajipenyeza katikati ya viti mpaka akamfikia, akamshika mabega yote mawili.

"Nilikuwa nimeshasimama nimkatalie mgeni kwa niaba yako," akamwambia. "Hukunisubiri."

Kisha akawageukia wazazi waliokuwa jirani, mmoja baada ya mwingine, hata wasiouliza. "Mmemwona? Nimemfundisha mimi huyu." Alijivuna siku ile, tena bila haya.