Mama Cheche na wenzake wawili wa mimbarini

Saa mbili asubuhi, cheche zinaruka mlangoni mwa karakana. Mwanamke mwenye miwani nyeusi anachomelea bawaba za geti, wala hainui uso mteja anapopiga hodi. Mtaa mzima humwita Mama Cheche.

Jumapili jina ni hilohilo, ingawa siku hiyo husimama mimbarini. Yeye, mwalimu mstaafu na muuza mboga ndio viongozi wa kanisa lao la Mennonite tangu mchungaji alipostaafu. Hakuna mkubwa kati yao. Waliwekewa mikono siku moja, kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Walianza kwa kuchemsha. Walipotawadhana miguu, kama ilivyo desturi yao, kila mmoja aliahidi kumtanguliza mwenzake. Jumapili ya kwanza hakuna aliyeandaa mahubiri.

"Karibu, mwalimu."

"Aa, tangulia wewe, mama."

"Msinitazame mimi," muuza mboga akaruka. "Nimekuja kuwasikiliza nyie!"

Waumini walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mama mkwe wa Mama Cheche hakucheka.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alisema. "Mkwe, rudi kwenye vyuma vyako."

Maneno yale yalimchoma kuliko moto wa karakana. Kanisani kwao jambo kubwa halipiti mpaka wote waridhie. Bibi huyo peke yake angetosha kuwashusha wote watatu.

Wakapangiana zamu, wakaacha kusukumana. Kisha bibi akaanguka, akavunjika nyonga. Mwalimu alishinda naye hospitalini, muuza mboga akampikia uji. Mama Cheche alihubiri Jumapili ile, halafu akaenda kuchomelea vyuma vya kushikia kwenye kitanda cha mkwewe.

"Ningekuwa peke yangu, ningelazimika kuchagua: mkwe au mimbari," anasema. "Sikuchagua."

Mwezi uliopita mwaka wa majaribio ulitimia. Mchungaji mstaafu aliuliza, "Nani hajaridhia?" Kanisa zima likamgeukia bibi. Akainuka, mkono kwenye mkongojo.

"Mchungaji mmoja ana miguu miwili tu. Hawa wana sita, na yote ilifika kitandani kwangu. Mnaniangalia nini? Waacheni wafanye kazi!"

Vigelegele vilisikika hadi barabarani.

Sasa Mama Cheche anamwandaa mshonaji mmoja awe wa nne.

"Siku nikistaafu," anasema, "sitaki mtu aulize kanisa litakuwaje. Aulize tu zamu ni ya nani."