Blanketi la Vitenge vya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipokufa, nguo zake ziligawiwa kama kawaida ya huku kwetu. Msiba ulipoisha tulikaa sebuleni, shangazi yetu aliyetoka Ileje akafungua begi, akawa anatoa nguo moja moja na kutaja wa kuichukua. Upande wetu walipata, upande wa mumewe walipata. Nasema hivi mapema kwa sababu baadaye niliuwazia vibaya ule mgawo, na sipendi anayesoma adhani kulikuwa na uonevu. Haukuwepo. Mimi nilipewa sweta na kitenge kimoja cha kijani, na mtoto akabaki kwangu.

Mtoto hakugawiwa, aliachwa tu. Mdogo wangu alikuwa ameolewa Ivuna, akaletwa Tunduma kwa matibabu akiwa bado ananyonyesha, akalazwa, hakutoka tena. Tangu alipolazwa binti yake alikuwa mikononi mwangu, hajaota hata jino. Shemeji alirudi Ivuna kwenye kazi yake ya chumvi, na makubaliano yalikuwa wazi mbele ya watu wote: mtoto akishazoea uji na kukaa mwenyewe, bibi yake mzaa baba atakuja kumchukua. Mahari ilishatoka yote, mtoto ni wa kwao. Sikubisha, na hata leo nikijiuliza sioni ningebisha kwa lipi.

Kilichonisumbua ni kwamba atakua hamjui mama yake kwa lolote. Picha tulizonazo ziko kwenye simu, na simu yenyewe kioo kimepasuka. Lakini nguo za mdogo wangu nilizijua zote. Nikawaza, nikipata kipande kimoja kwa kila aliyepewa, nitamshonea mtoto blanketi la vipande, aende nalo Ivuna. Awe anajifunika kitu kilichotoka mwilini mwa mama yake. Basi, nilitaka hicho tu.

Mimi si fundi. Niliishia darasa la saba na cherehani sina. Ninachojua ni sindano ya mkono, na kufuma vitambaa vya makochi, ambavyo nilifundishwa na akina mama wa kanisani. Nafuma pia kofia na soksi za watoto wachanga, na mtaani kwetu mtu akikaribia kujifungua huwa ananikumbuka. Wengine husema kazi yangu ni safi. Sijui. Nikiiangalia mwenyewe naona pale nilipoharibu.

Nilianza na shangazi, kwa simu.

"Shangazi, lile gauni la maua ya zambarau ulilopewa."

"Limefanya nini?"

"Naomba kipande."

"Kipande cha gauni? Nikukatie mkono au kola?"

"Popote, shangazi, hata chini kwenye pindo."

"Ee, nikate pindo, Jumapili magoti nje, mchungaji asahau mahubiri. Na magoti yenyewe haya!"

Akacheka, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akauliza la nini. Nilipomwambia, simu ikakatika. Nilijua nimemkosea, nikakaa na hilo neno tumboni. Haikupita wiki dereva wa gari la Ileje akanipigia nikachukue mzigo wangu stendi. Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni zima, limefuliwa na kupigwa pasi, vifungo vyote vipo.

Binamu yetu wa Ruanda, hii ya huku kwetu, si ile nchi, alikuwa ameshageuza kitenge chake kuwa pazia. Nilinung'unika peke yangu: nguo ya marehemu anaitundika dirishani! Halafu nikajisahihisha. Yeye pazia lake analiona kila akiamka, wakati lile sweta nililopewa mimi lilikuwa limelala kabatini. Akanitumia masalia ya pazia, kitambaa chembamba cha rangi ya maboga, na salamu nyingi.

Aliyekataa ni bibi wa mtoto, kule Ivuna. Yeye alipewa kitenge cha bluu chenye ndege, kizuri kuliko vyote.

"Nguo ya mtu haikatwi, mama mkubwa," aliniambia. Ananiita hivyo kwa sababu mtoto wa mdogo wangu mimi ndiye mama yake mkubwa. "Sisi nguo ya marehemu tunaivaa mpaka inachakaa yenyewe. Ukiikata unamkata mwenye nguo."

"Nimeelewa, mama," nikasema.

Sikuelewa. Nilimwona mchoyo. Lakini wakati nakata lile gauni la zambarau, mkasi ulipogusa kiunoni, mkono ulikuwa mzito kweli, nikaona kwamba huenda yule mama hakuzungumza kwa uchoyo.

Hapa ndipo ninaposita kuandika. Ile kazi niliifurahia. Asubuhi, mtoto akishakunywa uji na kulala, nilitandika mkeka mlangoni penye jua, kwa sababu ilikuwa Juni na upepo wa Tunduma mwezi huo unaingia mpaka kwenye meno. Malori yalikuwa kwenye foleni yao huko barabarani, vumbi linakuja, mimi napanga vipande. Kijani karibu na zambarau, hapana, vinagombana. Kijani karibu na boga, hapo sawa, vinasalimiana. Niliweza kuhamisha kipande kimoja asubuhi nzima na moyo ukawa mwepesi, mpaka nashtuka: huyu mtu amekufa, na wewe umekaa hapa unafurahia maua ya gauni lake. Sijui kama ni vibaya. Nimejiuliza mara nyingi na sijapata wa kumuuliza.

Kila kipande kilikuwa na habari yake. Kile cha njano mdogo wangu alikinunua kwa akina mama wa kutoka ng'ambo ya mpaka, wale wanaosema chitenge. Kibemba alikuwa hakijui, alijua kusema mayo tu, yaani mama, basi akawa anawaambia mayo, mayo, mayo, mpaka wakacheka wakampunguzia. Na mimi alikuwa ananicheka. "Dada, unashona vitu vidogo vidogo kama mtu anayeficha makosa." Ni kweli mishono yangu ni midogo. Naogopa kitu kisije kikafumuka.

Vipande vilipoungana vikawa kama shuka, nikaona ni jepesi mno. Nikachukua blanketi langu la zamani, nikalikata likalingana nalo, nikaliweka katikati, na upande wa chini nikatia bitana ya sehemu iliyobaki ya kile kitenge changu cha kijani. Kisha nikapita juu kote kwa bandi, ule mshono wa sindano kuzama na kuibuka, mstari kwa mstari, ili la ndani lisikimbie. Lilipokamilika lilikuwa nene. Ukilikumbatia unasikia joto papo hapo. Nilimfunika mtoto, akalala mpaka saa ya chakula, na nikasema moyoni, haya, sasa anaweza kwenda.

Bibi yake alifika mwisho wa Julai. Aliteremka kwenye basi amejifunga kanga mbili juu ya sweta, anatetemeka.

"Mnaishije huku?" akaniuliza hata kabla ya salamu. "Hii si baridi, hii ni adhabu. Mlimkosea nani?"

Nyumbani nilimpa chai, nikamfunika miguu kwa lile blanketi, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Akaendelea kunywa. Kisha mkono wake ukaanza kutembea juu ya vipande, taratibu, akiviangalia kimoja kimoja. Alivitambua. Nilingoja aniseme kwa kukata nguo, hakunisema.

"La nani hili?"

"La mtoto, mama. Aende nalo."

"Aende nalo Ivuna?" Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. "Mama mkubwa, wewe Ivuna si ulifika?"

"Nilifika, wakati wa harusi."

"Ulijifunika nini?"

Nikakumbuka. Nilijifunika kanga moja, na hiyo nayo niliipiga teke. Ivuna ni bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, joto lake ni lile la mtu kulala mlango wazi. Nililijua. Lakini muda wote wa kushona nilikuwa Tunduma, vidole vimekufa ganzi, na nikamshonea mtoto baridi yangu mimi.

"Hili utamchemsha kama kiazi," akasema, kwa upole. "Lakini nitalibeba. Nitaliweka sandukuni. Siku akija kusoma huku juu atajifunika."

Alimaanisha wema, najua. Ila sanduku nalijua pia. Kitu kinawekwa, panya wanakipitia, watu wanakisahau, na mtoto anafika miaka kumi hajawahi kukigusa. Nikamwambia sawa mama, nikatoka, nikaenda kusimama jikoni bila kazi yoyote. Nilikuwa nimekusanya nguo za marehemu kwa watu, nimezikata, na mtoto anaondoka mikono mitupu.

Akaniita. "Kuna wembe humu ndani?"

Nikaupeleka, nikauliza wa nini.

"Hili lililo katikati, lilikuwa lake?"

"Hapana, mama. Ni blanketi langu la zamani."

"Basi hilo libaki kwako. Kaa hapa. Shika upande ule."

"Si ulisema nguo haikatwi?"

"Kwani nakata? Nafumua."

Tukakaa wawili kwenye kochi, blanketi magotini, mtoto akitambaa kati ya miguu yetu. Yeye alikuwa anakata uzi kwa wembe, mimi navuta, palipogoma anauma kwa meno. "Hee, ulishona kama gunia la chumvi," akasema. "Uliogopa atamwagika nini?" Tukacheka. Ila kila uzi niliouvuta ulikuwa wa asubuhi fulani, na sikuweza kumwambia mtu mzima kwamba nasikitikia nyuzi.

Katika kufumua akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mdogo wangu hakulizoea jua la kule. Mchana alikuwa analowesha kitenge kwenye maji, anakikamua na kujitanda, anapika hivyo hivyo, kinakauka mwilini, analowesha tena. "Nilikuwa namcheka," bibi akasema. "Namwambia, mke wa mwanangu ni samaki huyu." Akaacha wembe, akafuta macho kwa kiganja, akaendelea na kazi. Nilikuwa nimemwona kama mtu aliyekuja kuchukua. Kumbe naye alikuwa amefiwa, na sikuwa nimempa pole ya maana hata mara moja.

Tulibaki na shuka jepesi, vipande juu, bitana chini. Nilipita kingo upya tu ili zisiachane. Matundu ya sindano yalionekana, mistari mizima ya matundu bila uzi. Nilitaka kulipiga pasi, akasema liache, mtoto hajali.

Kesho yake asubuhi niliwasindikiza stendi. Mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, shuka limekunjwa kwenye mfuko pamoja na kofia na soksi nilizofuma, ambazo nazo, sasa nilijua, hazitavaliwa Ivuna. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio cha mtoto. Hakulia. Alikuwa anaangalia ndizi za muuzaji dirishani. Nitasema ukweli, ningependa alie kidogo.

Sasa ni masika. Nafuma tena, ila vipande sijagusa. Juzi nilimpigia bibi. Akaniambia mtoto anatembea, anaanguka, anainuka, na shuka lake analiburuta kila aendako.

"Limechanika," akasema. "Mbuzi alilikanyaga, naye mtoto akavuta. Hakubali kuachia, huyu."

"Kimetoka kipande kipi?"

"Sijui kipi, mama mkubwa. Cha njano, nadhani."

"Kimepotea?"

"Kipotee kiende wapi? Nimekishona. Nimetumia uzi wa kusukia nywele, sina mwingine."

Uzi ule ni mweusi na mnene. Nikaiona njano ya mdogo wangu imepitiwa na uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya viatu, na ikaniuma. Ilinijia mdomoni kumwambia afumue, nitamtumia uzi wa njano kwa basi.

"Umeshona vizuri, mama?"

"Nimeshona vibaya. Macho yenyewe yako wapi? Lakini hakitoki."

Nikamshukuru. Habari ya uzi wa njano sikuitaja. Ndipo nikasikia nyuma yake sauti ndogo inaita mama, mama, na yeye akaitikia haraka, halafu akashusha sauti, kama mtu aliyekumbuka nani yuko kwenye simu.

"Anakuita mama?" nikauliza.

"Ananiita mama. Namwambia mimi bibi yako, hasikii. Niliona nisikwambie." Akavuta pumzi. "Nifanyeje sasa, mama mkubwa?"

Kule mtoto akaita tena. Nilitafuta neno la haki na la kweli kwa wote, kwake, kwa mtoto, na kwa yule asiyekuwepo.

"Mwitikie tu, mama," nikasema.