Pombe ya Mama

Mwaka mmoja baada ya mama kufariki, nilitoka Geita, ninakofanya kazi mgodini, nikaenda Ushetu kumwona baba. Nilimpelekea bia za chupa zilizopozwa kwa barafu, maana mimi napenda bia nyepesi, ya baridi kabisa. Tukakaa uani. Baba alionja, akakunja uso.

"Haya ni maji yenye hasira," alisema. "Hayashibishi."

Nikamuuliza kama nimnunulie pombe ya mtama kwa jirani.

"Ya jirani ni nzuri, watu wanaisifu. Lakini mimi nilizoea ya mama yako."

Mama alikuwa akimpikia nzito, ya vuguvugu. Tangu tumzike, baba hakuwa amekunywa pombe yoyote. Sikujua. Kwenye simu tulizungumzia mvua na ng'ombe tu.

Siku zilizofuata tuliloweka mtama hadi ukachipua kuwa kimea, tukaupika sisi wawili, tukibishana kuhusu kipimo cha kimea. Pombe ikatoka kali, yenye harufu ya moshi. Baba alimaliza kikombe chake, hakuongeza kingine, akaenda kuwafungulia ng'ombe. Nikabaki uani peke yangu na sufuria iliyojaa, nikikoroga tu.