Maji Aliyoyakataa Baba

Baba yangu alikufa kwa kiu, na Mto Tana ulikuwa umefurika hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba. Watu wa kanisani waliniambia nisiseme hivyo, niseme uzee. Sawa, alikuwa mzee. Lakini mimi ndiye niliyeshika kikombe. Wao walishika vitabu vya nyimbo.

Ujanani alikuwa askari, miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati wa vita vya kule kaskazini. Alirudi mzima, hana hata kovu, akamwoa mama, akalima mpunga na ndizi kando ya mto, akatulea watoto saba kwa jembe. Mama akijifungua, yeye ndiye aliyepika. Wanaume wa kijiji walimcheka, naye akawaambia waje waonje kwanza, ndipo wacheke. Tukimwuliza habari za vita alijibu, "Tulikuwa tunalinda kisima," basi. Kimya kina mshindo mkuu, lakini wa baba hatukuusikia. Baba za wenzetu walipigana. Wetu alilinda kisima. Tulimwonea hata aibu kidogo.

Kwake maji hayakuwa mchezo. Mtungi ulikaa kando ya njia, na apitaye anywe, awe mkulima, mfugaji au mlevi. Malka, ile njia ya mifugo kwenda mtoni, ilipita katikati ya shamba letu. Kila kiangazi ng'ombe walitafuna mahindi yetu wakipita, na kila kiangazi majirani walimshauri aizibe. Hakuiziba. Mama alisema ameolewa na mchungaji wa ng'ombe wa watu. Siku moja kaka yangu mkubwa aliwaambia watoto wa wafugaji kwamba mtungi hauna maji, na maji yalikuwemo. Baba, ambaye hakuwahi kutugusa, alimpiga mpaka majirani wakaja kumshika mikono. Kisha akaketi chini akalia. Nilimwogopa zaidi alipolia kuliko alipopiga.

Mama alitangulia. Mwaka jana baba akapata kiharusi, nami nikarudi kutoka Hola kumuuguza. Kiswahili kilimtoka, Kipokomo kikamtoka, na mimi akanisahau. Akabaki na Kisomali, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema, hata kwenye maduka ya Garsen alikonunua sukari miaka yote. Mimi nilijua neno moja tu katika yale aliyorudiarudia: biyo, yaani maji. Nikadhani anayaomba. Nikileta kikombe, anafumba mdomo, anakisukuma, anarudia maneno yale kwa sauti ya amri. Uji nao akaukataa. Daktari alisema koo halina shida, anyweshwe tu. Nilimpa kwa kijiko, akatema. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Midomo yake ilipasuka, na alikuwa bado anasema biyo.

Asubuhi moja nilimwita ndani mama wa Kisomali aliyekuwa akituuzia maziwa. Alisimama mlangoni na chombo chake mkononi, akasikiliza. Uso wake ukabadilika.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Mzee haombi maji, dada. Anakataza watu. Anasema leo hakuna maji, rudini na ngamia wenu."

Niliketi. Kile kisima, ndipo nikaelewa walikilinda dhidi ya nani. Miaka yote tuliyokula naye sahani moja, sehemu yake ilikuwa imebaki kule imesimama na bunduki. Nilipandwa na hasira, sijui juu ya nani: waliomtuma, au yeye aliyetumika. Nilimhurumia pia, na huruma ile ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Mjibu," nikasema. "Mwambie mmekunywa."

Alinitazama sana. Sikuwa na haki ya kumwomba hilo, na sote wawili tulijua. Hata hivyo akapiga goti kando ya kitanda, akamwita adeer, kama mtu anavyomwita amu yake.

"Waan cabnay, adeer." Tumekunywa.

Mikono ya baba ikalegea. Nikasogeza kikombe, na midomo yake ikaanza kufunguka. Kisha akauliza kitu, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya amri tena. Yule mama akainuka upesi.

"Anauliza, na yule mtoto?"

"Mwambie amekunywa."

"Hilo siwezi, dada. Huyo mtoto mimi simjui." Akajifunika uso kwa shela, akatoka, na maziwa yetu akasahau kuyapima.

Nikapiga goti pale alipopiga yeye. Sikuwa na Kisomali cha kumwambia, nikatumia nilichokuwa nacho.

"Amekunywa, baba. Mtoto amekunywa, ameshiba."

Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu augue, macho yake yalinitambua.

"Usinidanganye, mwanangu," akasema kwa Kiswahili, akafumba mdomo.