Nilibandua karatasi kwenye sindano zangu za nguvu za kiume, nusura zimuue mama mkwe

Wakuu, nawasalimu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani.

Juzi humu ndani kuna mtu aliuliza kama dawa ya sindano ya nguvu za kiume anaweza kuihamishia kwenye kikopo kingine, watu wa nyumbani wasijue. Mkamjibu kwa vicheko.

Mimi sikucheka. Nilifanya hivyo hivyo, Likasi, miaka ya tisini, Zaire ikitufia mikononi. Sitatia chumvi, maana ukweli wake unatosha.

Nilikuwa nakaa Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Kazi yangu ilikuwa ukarani wa karakana. Sukari ilinikamata nikiwa na miaka arobaini na moja, na nyuma ya sukari likaja lile jambo ambalo mwanaume halisemi.

Mke wangu Mbuyi alivumilia karibu miaka miwili. Ni yeye aliyenisukuma mpaka nikapanda kwenda Lubumbashi kumwona daktari.

Daktari akanipa vichupa vitatu vya dawa ya kujidunga mwenyewe, pale pale penyewe. Ndiyo, pale. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize.

Alinieleza kama mtoto. Ikae kwenye friji lakini isigande, na isiwekwe mlangoni, maana kila friji ikifunguliwa joto linaingia. Ikae ndani ya boksi lake, lenye karatasi ya jina langu. Sindano iliyotumika niitupe kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Na mtu mwingine asiiguse kabisa, kwa sababu inafungua mishipa ya damu. Mgonjwa dhaifu akidungwa, presha inaweza kuanguka na asiamke.

Nikaitikia oui docteur, oui docteur. Mdomo tu.

Sasa friji. Kwenye safu yetu nzima ya nyumba, friji iliyokuwa bado inafanya kazi ilikuwa yetu. Wengine walishauza zao. Kwa hiyo yetu ilikuwa ya wote: samaki wa jirani huyu, sombe, yaani kisamvu, ya jirani yule, maji ya wamama wa kikundi cha maombi. Walifungua bila hata kubisha hodi. Umeme ukikatika nilifunika friji kwa blanketi na kuwaomba wasifungue, wakafungua kuangalia kama baridi ipo.

Siku moja mama mmoja akalitoa boksi langu, akalisoma, akalirudisha. Hakusema kitu.

Bora angesema. Jioni ile nikabandua karatasi zote, nikachoma boksi, nikatia vichupa kwenye kikopo cha siagi. Mbuyi sikumwambia. Pumbavu kabisa.

Niwaambie kuhusu mama mkwe. Yeye alikuwa mtu wa Kasai, mume wake aliletwa zamani kufanya kazi mgodini. Watu wa Kasai walipofukuzwa kwetu, ndugu zake wengi waliondoka kwa treni, akabaki na sisi. Kwa mila yao mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Lakini mtakimbiana wapi kwenye nyumba ya vyumba vitatu?

Kabla sijapita nilikuwa nakohoa, naye anageuza uso. Tuliongea kupitia Mbuyi hata tukiwa hatua mbili. Chumbani kwake sikuwahi kukanyaga. Na kumwona akiwa hajajisitiri, hilo kwa watu wake ni balaa linalotaka kusafishwa.

Basi malaria ikamlaza. Zahanati ilikuwa imebaki kuta. Quinine tulinunua sokoni Kikula, imemiminwa kwenye vichupa vya zamani vya penisilini, haina karatasi. Ndivyo tulivyoishi wakati ule: kichupa kisicho na jina, watu walisema ni quinine. Mbuyi akanunua kimoja, akakiweka kwenye friji, akamwita infirmier, muuguzi aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake.

Ilikuwa saa sita mchana. Jirani alikuwa amepangua masufuria kwenye friji, Mbuyi akakutana kwanza na kikopo cha siagi, akakifungua akidhani kichupa chake kimehamishiwa humo. Dawa yangu yeye aliijua kwa boksi na karatasi. Akaona kichupa hakina karatasi, akakichukua, akampelekea infirmier.

Mimi nikaenda kunywa maji. Nikafungua friji, nikaona kile cha Kikula bado kimekaa, kizibo chake cha kijivu. Kikopo changu kiko wazi. Vichupa vitatu vimekuwa viwili.

Nikafika kwenye pazia la chumba cha mama mkwe nikasimama. Nilijua anadungwa makalioni. Nilijua amefunuliwa.

Nikasema kupitia pazia kwamba aache kwanza, hiyo siyo quinine.

Infirmier akajibu kwa dharau ya mtu mwenye mkoba, kwamba amechoma watu tangu mimi sijaoa. Kichupa hakina jina, hajauliza ni nini, hajauliza kimetoka wapi, na bado ananifundisha mimi. Hasira ya mtu yule sijaimaliza mpaka leo.

"Sasa iko nini?" akauliza.

Nikashika ukingo wa pazia.

Mama mkwe yuko pale, anasikia. Wamama wawili wa maombi wako mlangoni. Nilikuwa na neno moja la kusema na ulimi ukakataa.

"Kama auna jibu, uniache nitumike." Yaani nimwache afanye kazi yake.

Nikasikia mama mkwe akiguna, namna mtu anavyoguna akipakwa spiriti yenye baridi. Ndipo nikavuta pazia, nikaingia, nikamshika yule mtu mkono wenye sindano.

"Iyi ni dawa yangu minye. Ya bwanaume. Daktari alinipa juu mwili yangu haitumike tena."

Infirmier akacheka, wakuu. Sindano mkononi, mama wa watu anatetemeka kwa homa, yeye anacheka. Nikamtoa nje na mkoba wake. Mbuyi akamfunika mama yake, tukambeba mpaka kwa masista wa misheni, wakampa quinine ya kweli na akapona.

Kufika Jumapili Panda nzima ilikuwa inajua. Waliniombea kanisani kwa jina. Nilikaa nikawaangalia.

Ndugu wa mke waliobaki wakakutana. Wakasema nimeona uchi wa mama mkwe, lazima nilete kuku nisafishwe. Mama mkwe akakataa. Alimwita Mbuyi na mimi nikiwa nyuma ya mlango, akasema kwa sauti ya kunifikia:

"Ambia bwana yako, ule siku sikuona bukwe. Niliona mutoto yangu. Hakungoya hata kidogo."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, kifo kikaenda kumtafuta mama wa mwenzangu.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza juzi: dawa iache kwenye boksi lake, na jina lake, na jina lako. Mke wako ajue iko wapi na ni ya nini. Kama friji ni ya watu wengi, tafuta kikasha chenye kufuli ukiweke humo ndani ya friji. Umeme ukikatika muda mrefu, muulize mfamasia kabla hujajidunga. Na infirmier asiyeuliza hiki ni nini, mfukuze.

Mama mkwe aliishi miaka tisa baada ya siku ile, na kila mgeni alimsimulia kwamba mkwe wake hakungoja.

Nilingoja. Nilisimama kwenye lile pazia nikipima aibu yangu na uhai wake, na kwa muda ule aibu ndiyo ilikuwa nzito. Mbuyi hajui nilichokuwa napima pale. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Haya, semeni. Hata matusi nitasoma.