Mkopo Ambao Sikuukopa

Sijawahi kukopa. Kwetu Didia, siku ya maziko, msemaji wa familia husimama akauliza nani anamdai marehemu. Alipozikwa mume wangu hakujitokeza mtu. Nikajiapiza kwamba siku yangu nayo pawe kimya vilevile.

Mwanangu wa tatu ana kampuni Geita, anasaga mawe ya dhahabu kwa mashine ya karasha. Alipokuwa anaiandikisha aliniletea karatasi.

"Mama, wenye kampuni lazima wawe wawili. Wewe ni jina tu."

Nikaweka sahihi. Darasa la nne linatosha kuandika jina, halitoshi kujua jina linapelekwa wapi.

Mwaka juzi mvua ilipoangusha ukuta wa nyumba yangu nilimwambia anijengee. Akajenga, tofali za kuchoma na bati. Hela aliitoa kwenye akaunti ya kampuni, wala hatukuandika kitu. Mama na mwanawe waandikishane nini?

Mwaka huu watu wa kodi wakaikagua kampuni, wakakuta ile hela imekwenda kwa mwanahisa. Mwanahisa ni mimi. Nikaitwa Geita. Mhasibu wa mwanangu alikuwa na karatasi tayari: nilikopeshwa, nitalipa kidogo kidogo na riba. Tarehe kaweka ya mwaka juzi.

"Bibi, saini hapo chini."

"Mwaka juzi mimi na wewe tulionana wapi?"

"Ni utaratibu tu, bibi. Pasipo mkopo wataiita gawio, yaani umegawiwa faida. Gawio lina kodi ya zuio, na kampuni haikuikata. Itadaiwa hiyo, na faini juu. Wakikamata karasha tumekwisha."

"Na nikisaini?"

"Unakuwa unadaiwa."

"Na nani?"

Akamtazama mwanangu.

Nilikaa na ile kalamu mkononi kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Nikisaini, nimesema uongo, na nitazikwa na deni la mtoto niliyemzaa. Nisiposaini, namvunjia mwanangu mji wake.

"Mama," akasema, "mimi siwezi kukudai. Unajua."

"Basi si mkopo. Mkopo usiodaiwa umeuona wapi?"

Nikairudisha kalamu. Tukaenda ofisi ya kodi hivyo hivyo, watatu.

Ofisa alikuwa binti, umri wa wajukuu zangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Hii hela ulikopa au ulipewa?"

Mhasibu akakohoa. Nikamwambia akatafute maji.

"Nilipewa. Mimi sikopi."

"Ulipopewa ulikuwa tayari mwanahisa?"

"Ndivyo wanavyoniambia."

"Basi ni gawio, bibi." Akaandika.

Nilidhani nimetoka mtegoni. Mwanangu ameuza gari lake kulipa ile kodi na faini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nikamwambia anitoe kwenye hiyo kampuni.

"Siwezi, Mama. Sijapata wa pili."

"Mweke mkeo."

"Amekataa. Anasema ameona yaliyokupata."

Kwa hiyo bado nimo. Siku hizi akiniletea hata kilo ya sukari namuuliza imetoka mfuko upi, wake au wa kampuni. Juzi nilimuuliza tena. Aliiweka mlangoni, akaondoka.