Ulimi wa Zakhar Ilyich

Zakhar Ilyich alikuwa na mashine ya kupimia kila kitu, ila alichokiamini ni ulimi wake. Kwa miaka ishirini na miwili alichimba barafu ya kusini mwa dunia, na kila kipande kilichotoka kisimani alikionja kabla ya kukiandika namba. Kisima kilijazwa mafuta ya taa ili kisigande, na mafuta hupenya kwenye barafu. Kama yamo, mashine hutoa jibu baada ya saa nzima. Ulimi husema papo hapo. Mwalimu wake alionja, na aliyemfundisha mwalimu wake alionja vilevile.

Taisia Markovna, mtaalamu wa vijidudu, alikuwa ameupiga marufuku mchezo huo. Chini ya karibu kilomita nne za barafu kulikuwa na ziwa lisiloona jua kwa mamilioni ya miaka, naye kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitafuta humo kiumbe hai. Aliamuru watu wavae glavu na barakoa. Zakhar Ilyich alivaa vyote. Barakoa aliishusha kidogo tu, mara moja kwa kila kipande. Mkaidi huyo!

Desemba moja Taisia Markovna alishuka kwenye ndege akikimbia, mahali ambapo hewa ni haba na hakuna mtu anayekimbia. Aliwakuta wachimbaji mezani, wanakunywa supu ya kabichi, Zakhar Ilyich akitafuna utomvu wa msonobari aliotumiwa na dada yake kutoka Siberia.

"Tumepata!" akapiga kelele. "Yale maji ya ziwa yaliyopanda kisimani yakaganda, mkayatoa mwaka jana, yana kijidudu kisichojulikana na mtu!"

Wakapiga meza mpaka supu ikamwagika.

"Ngojeni, hamjasikia! Ndugu yake wa karibu anaishi kwenye utomvu wa misonobari ya Siberia. Mnaona? Huku kulikuwa na misitu, ikafa yote, yeye akabaki ziwani! Kesho natangazia dunia nzima."

Taya la Zakhar Ilyich likaacha kutafuna.

"Ilyich, vipi, umeona maiti?" mpishi akamtania. "Kunywa, bwana!"

Zakhar Ilyich akatema donge lake kiganjani, akaliweka mezani mbele ya Taisia Markovna.

"Huyo kijidudu wako, mama, nadhani katoka hapa. Mdomoni mwangu. Ile barafu niliilamba."

"Umelamba barafu ya ziwa?" Taisia Markovna akauliza. "We mzee, una wazimu?"

"Natafuta mafuta. Ndiyo kazi yetu."

"Lakini ulilamba juujuu, sivyo? Juu tunakwangua, tunaosha mara tatu. Niambie ulilamba juu!"

"Kwenye ufa. Mafuta hujificha kwenye nyufa."

Taisia Markovna akakaa chini. Kisha akavuta pumzi na kumshika mzee bega.

"Basi. Bora umesema leo kuliko kesho. Kimeharibika kipande kimoja. Ghalani ninavyo mia nne, vya miaka yote kumi na miwili. Nitaanza upya na hivyo."

Zakhar Ilyich alitamani sakafu immeze.

"Taisia Markovna," akasema, "na hivyo unadhani alivitoa nani?"